Mwanamke Aliyekijua Kijiji kwa Unga

Nimewahi kumwonea wivu mtu mmoja tu kwa miaka mingi mfululizo, na mtu huyo hakuwa tajiri, wala msomi, wala mwenye cheo. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeendesha mashine ya kusaga unga katika kijiji chetu cha Kibera, upande ule unaoshuka kutoka mtaa wa Ayany. Nasema kijiji kwa sababu ndivyo wenyeji wa Kibera wanavyoziita sehemu zake, ingawa hakuna shamba wala boma, bali vyumba vya udongo na mabati vilivyobanana. Tulimwita Mama Posho. Jina lake la ubatizo sikulijua, wala sikupata kusikia mtu akilitaja.

Mashine yake ilikuwa ndani ya banda la mabati lenye mlango mmoja. Injini ilikohoa, ikashika, kisha ikanguruma mpaka adhuhuri, na mazungumzo yote ya foleni yakafanywa kwa sauti ya juu. Mama Posho alivaa koti la kijivu ambalo hadi saa mbili asubuhi lilikwisha kuwa jeupe. Kope zake nazo zilikuwa nyeupe. Aliyemwona kwa mara ya kwanza alidhani ni ajuza, kumbe ni unga tu.

Foleni yake haikufuata nani ametangulia kufika. Ilifuata nafaka. Mahindi meupe yalisagwa kwanza, kisha wimbi, na mwisho kabisa mtama na muhogo mkavu, kwa kuwa mtama ukipita mbele, unga wa mahindi unaofuata hutoka na madoadoa. Kwa hiyo foleni ile iliwapanga watu bila yeyote kukusudia. Mbele walisimama watu wa Machakos na Kitui, na wengine waliopenda sima nyeupe. Nyuma walisimama watu waliotoka sehemu za Ziwa, wamebeba vikapu vyao vya mtama na muhogo. Siku moja mwanamume mmoja mrefu, mlinzi wa usiku aliyetoka kazini bila kulala, alichoka kungoja.

"Mathe, kwani sisi watu wa Ziwa tuko na makosa gani? Kila siku sisi ndio wa mwisho."

"Makosa yenu ni rangi," Mama Posho akamjibu bila kugeuka. "Rangi ya unga. Leta mahindi nyeupe kesho, nitakuweka mbele hata ya pasta."

Foleni ikacheka, na yule mlinzi pia akacheka. Lakini Jumamosi iliyofuata Mama Posho aliipindua foleni yote. Alianza na mtama na muhogo, na watu wa mahindi wakangoja. Unga wao ulipotoka na vidoa vyekundu wakanung'unika. Akawaambia, "Leo mtakula kidogo ya jirani. Haijaua mtu." Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu.

Kutoka mlangoni pale alikijua kijiji kwa namna ambayo mimi, niliyesomea maendeleo ya jamii chuoni, sikuwahi kuifikia. Hakuhitaji kuuliza. Mtu aliyezoea kuleta gorogoro moja, yaani mkebe mmoja wa kupimia, akileta nusu, alijua kazi imekwisha. Kapera akileta mbili mfululizo, alijua hayuko peke yake. Nyumba iliyoanza kusaga wimbi laini kabisa ilikuwa na mtoto anayeachishwa ziwa, au mgonjwa. Na waliooana baina ya makabila aliwajua kabla ya wazazi wao kujua.

Kulikuwa na msichana mmoja wa Kitui, mshonaji nguo, aliyeleta mahindi meupe kwa miaka miwili. Asubuhi moja alifika na mahindi yaliyochanganywa na vipande vya muhogo. Mama Posho aliyachota kwa kiganja, akayatazama.

"Wewe, umeanza kula muhogo lini?"

"Ni ya jirani, Mama."

"Huyo jirani ana ndevu ama hana?"

Msichana alifunika uso kwa leso, na foleni nzima ikampigia vigelegele vya utani. Kabla mwezi haujaisha, fundi seremala mmoja wa kutoka upande wa Ziwa alikuwa ameanza kujitambulisha kama mkwe wa Kitui.

Hakuwa malaika. Alitangaza mimba za watu hadharani, kisha akadai hapendi umbeya. Hakuhudhuria harusi hata moja, lakini hakukosa matanga. Alijua kila nyumba inapika nini, na hakuna mtu aliyewahi kuingia katika chumba chake nyuma ya mashine. Na alikuwa mwongo wa kutegemewa. Wenye nyumba walipokuja kuuliza ni watu wangapi wanalala katika chumba fulani, ili wawafukuze waliozidi, aliwaangalia kwa macho yaliyojaa unga na kuwaambia, "Mimi najua unga. Watu sijui."

Nilikuwa na sababu ya karibu zaidi ya kumwonea wivu. Mama yangu, aliyeuza sukuma wiki na nyanya kando ya njia, aliumwa kifua kwa majuma mawili. Mimi niliyelala chumba kimoja naye sikujua. Niliambiwa na Mama Posho nilipopeleka mahindi.

"Mama yako apumzike. Hicho kifua si baridi."

"Kifua gani?"

Aliziba mdomo wa gunia kwa mkono wake. "Ameanza kusaga unga wa uji, Profesa. Mtu mzima hanywi uji jioni kwa kupenda."

Profesa lilikuwa jina alilonipa niliporudi kutoka chuoni, na vijana wa kijiji wakalidaka. Nilirudi na cheti na imani moja niliyoishika kama dini: kwamba maskini hudhulumiwa kwanza kwa kutohesabiwa. Asiyehesabiwa hajengewi, hatibiwi, hasomeshewi watoto. Ninaliamini jambo hilo hata leo, na ndiyo maana ninayoyasimulia hapa yananichoma.

Ofisi moja ya kanisa ilikuwa imeahidi kutujengea vyoo. Wakati ule watu wengi wa laini zetu, yaani safu zetu za vyumba, hawakuwa na choo kabisa, na mvua ikinyesha aibu yetu ilitiririka mbele ya milango. Ofisi ilitaka orodha: milango mingapi, watu wangapi, wametoka wapi, wanafanya kazi gani. Idadi ya vyoo ingefuata idadi ya watu, na kila mlango ulioandikwa ungepewa ufunguo. Waliponichagua mimi niandike, nililia kwa furaha nikiwa peke yangu. Niliona kwamba sasa nitakuwa mtu anayewajua watu wake.

Nilibisha kila mlango kwa majuma matatu. Vijana wakinipita nikiwa na fomu zangu waliniuliza, "Niaje Profesa, umemaliza kutuhesabu ama tuendelee kuzaa?" Niliwaandika vibarua wa viwandani, walinzi, wafua nguo, mafundi wa viatu, wachuuzi wa samaki, wachonga vinyago. Kazi na kwao walikotoka vilitajwa bila shida. Shida ilikuwa idadi. Nilipouliza, "Una watoto wangapi?" wanawake wengi walinyamaza, kwani kwa makabila yetu mengi kumhesabu mtoto kwa mdomo ni kumwitia balaa. Wengine walinitajia majina mawili wakaacha. Wanaume waliniorodheshea watu walioko mashambani, kwa sababu kwao hao ndio watu wa nyumbani. Na waliokaribisha ndugu au wapangaji wa siri waliwaficha wasije wakafukuzwa na mwenye nyumba. Niliandika nilichoambiwa. Nilijumlisha, nikapiga mstari kwa rula, nikajivunia.

"Umemwonyesha Mama Posho?" mama yangu aliniuliza.

"Kwa nini nimwonyeshe? Yeye ni ofisi?"

"Mwonyeshe tu, mwanangu."

Nilikwenda, nikiwa nimeudhika. Aliizima injini, jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya mtu yeyote, akaketi juu ya gunia, akaniambia nimsomee. Nikasoma laini ya kwanza, mlango kwa mlango. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hapo umezidisha," alisema. "Huyo mzee watu wake wako shambani. Gorogoro moja inamtosha wiki." Nikaendelea. "Hapo nako umewaacha. Kuna pazia katikati ya hiyo nyumba. Nyuma ya pazia kuna mjane na watoto wake."

"Mwenye mlango aliniambia ni familia yake peke yake."

"Mwenye mlango hali wimbi. Hiyo wimbi inayotoka huko kila wiki inaliwa na nani?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja mlangoni walicheka kidogo. Nikamwambia, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba utafiti huandika kauli za wahusika wenyewe, na kwamba nikianza kuandika maneno ya foleni haitakuwa kazi ya kuaminika.

"Sawa, Profesa," alisema. Hakuonekana kuudhika, na hilo liliniudhi zaidi.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya kupeleka orodha ofisini, aliniita nikipita. Akanipa mfuko wa kitambaa, mzito, uliofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na mahindi na maharagwe yaliyochanganyika.

"Mahindi ni wakubwa, maharagwe ni watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Ni hizo laini zako zote. Nimeweka mmoja mmoja, usiku tatu. Kahesabu nyumbani, usihesabu mbele ya watu. Ukiona imezidi yako sana, uje nikuonyeshe milango yenye pazia."

Nikauelewa mfuko ule mara moja. Alikuwa amewahesabu watu wote bila kumtaja hata mmoja kwa namba. Chuoni hawakuwahi kutufundisha jambo zuri kama lile. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilihisi kana kwamba nimenyang'anywa kitu mkononi. Majuma matatu nilikuwa nimebisha milango, na yeye, bila kutoka bandani kwake, alikuwa amekibeba kijiji kizima katika mfuko wa kitambaa. Nikauweka chini ya meza nyumbani. Nikajiambia nitahesabu jioni. Sikumwambia mama chochote, nikatoka.

Niliporudi jioni chumba kilinukia vizuri. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko.

"Umefanya vyema kuleta hizo nafaka," mama alisema. "Nimepika isyo. Ni Mama Posho amekupa, si ndio? Nimeona kitambaa chake. Huyo mama ana roho. Nimewapelekea na majirani, ilikuwa nyingi."

Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula cha kwetu Ukambani. Mama yangu alikuwa amefanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Machakos angefanya akikuta mfuko ule chini ya meza yake. Alizichagua nafaka, akaziosha, akazichemsha. Kijiji chetu kilikuwa kikitokota mbele yangu, na majirani wa kushoto na kulia walikuwa tayari wameshakula sehemu ya idadi yao wenyewe.

Kosa la mama halikuwa kosa. La kwangu ndilo kosa. Ilikuwa bado mapema. Banda la Mama Posho lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Ningeweza kwenda kumwambia yaliyotokea, akanipeleka kwenye milango yenye pazia, nami nikaandika upya. Nilikaa chini nikala. Nikaongeza. Na nilipokuwa nikitafuna nilihisi amani mbaya, amani ya mtu ambaye mshindani wake ameondolewa bila yeye kunyoosha mkono. Ijumaa nikapeleka namba zangu.

Vyoo vilijengwa. Siku ya kuvifungua watu walikusanyika, mkubwa wa ofisi akanitaja mbele ya wote, nikapigiwa makofi. Funguo ziligawiwa kwa kufuata orodha yangu. Kila aliyekuwa na mlango akapewa ufunguo. Wale wa nyuma ya pazia hawakupewa, na wenye ufunguo, wakiona vyoo havitoshi, wakakataa kuwaazima. Baada ya juma moja nilimwona mwanamke aliyetoka nyumba ile yenye pazia, mjane yule, amesimama mbele ya kufuli na mtoto mdogo aliyebana magoti. Akabisha kwa jirani mwenye ufunguo, akangoja, kisha akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Niliwafuata kwa macho. Walikwenda nyuma ya mashine ya kusaga. Mama Posho alikuwa na shimo lake mwenyewe, lenye ua wa magunia, naye alikuwa ameanza kuwafungulia wote walioachwa. Kila asubuhi, kabla ya injini kukohoa, kulikuwa na foleni ya pili pale, foleni ya watu ambao mimi sikuwaandika.

Lawama ningeweza kuzijibu. Lakini hakunilaumu. Aliendelea kuniita Profesa, na kuniuliza hali ya kifua cha mama.

Miaka ikapita. Mama akapona, nikapata kazi ya kudumu, tukahamia Kawangware. Unga wa pakiti ukajaa madukani, watu wakaacha kusaga, na nikasikia mashine ya Mama Posho imeuzwa kama chuma. Mchana mmoja nilimkuta mtaa wa Gatina, karibu na kwetu, chini ya ghorofa mpya ya kupangisha, ameketi nyuma ya magunia manne ya nafaka, akiuza kwa mkebe. Kope zake zilikuwa nyeusi. Sikujua kwamba alikuwa mzuri wa uso.

"Profesa. Umenenepa. Unakula kwa nani?"

Tulicheka, tukaulizana habari. Kisha nikamwambia yale niliyoyabeba kwa miaka yote ile. Nikamweleza habari za mfuko, sufuria, na namba nilizopeleka. Nikamwambia pia kuhusu wivu, kwa sababu bila wivu habari yote ingekuwa bahati mbaya tu, na haikuwa bahati mbaya.

Alichota maharagwe, akaanza kuyachagua mawe.

"Nilijua," alisema. "Mama yako alikuja Ijumaa kunishukuru. Akaniambia isyo ilikuwa tamu sana."

"Ulijua Ijumaa ile ile?"

"Asubuhi."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningemwambia nini mama yako? Ati amepika watu?" Akatikisa kichwa. "Nikasema wewe utakuja. Nilingoja mpaka jioni sijafunga. Na ofisini wangesikiza nani, mimi ama wewe na karatasi?"

Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

Aliuweka chini ule mkebe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, uso wake haukuwa na utani wowote.

"Mimi sikukosa choo. Choo nilikuwa nacho. Hao walikosa ndio unafaa kuwaomba. Utaanza na nani?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta jina, hata moja. Nilikumbuka kichwa cha kila safu ya fomu, nilikumbuka mstari niliopiga kwa rula. Sikumkumbuka mtu kwa jina. Mama Posho alingoja kwa subira ile ile aliyomngojea nayo mtu asiye na hakika na nafaka yake, kisha akanihurumia.

"Anza na yule mjane wa nyuma ya pazia. Siku hizi yuko hapa tu, Riruta Satellite, anafua nguo. Plot anayokaa iko nyuma ya duka la mafuta ya taa, mlango wa tatu ukiingia. Kitinda mimba wake ameingia darasa la tano." Na papo hapo, katikati ya aibu yangu, wivu ukanyanyua kichwa. Kijiji kilikuwa kimetawanyika Nairobi nzima, na bado alijua kila mmoja alikoangukia.

Nilitembea mpaka Satellite mchana ule ule, nikijua kwamba nikingoja kesho sitakwenda. Nikalipata duka, nikahesabu milango, nikabisha. Mlango ulifunguliwa upana wa kiganja. Uso ulionitazama niliutambua kutoka mbele ya lile kufuli.

"Unatafuta nani?"

Nikamtajia jina langu. Halikumwambia kitu. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyewaandika watu kule Kibera, wakati wa vyoo.

"Mimi hakuna mtu aliwahi kuniandika," alisema, na mlango ukaanza kurudi.

"Nimetumwa na Mama Posho."

Mkono wake ukasimama. Akaufungua mlango wote, akaondoa nguo mbichi kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo, akakifuta kwa kiganja.

"Si ungesema hivyo mwanzo," aliniambia. "Ingia."